Tusilihukumu bonde kwa msimu mmoja



Katika nyumba nyingi za Kibiti na Rufiji hutumika kalenda mbili. Ya kwanza ni ya mwezi, ambayo kwayo tunafunga, tunafungua, tunahesabu eda na tunatoa zaka. Ya pili ni ya jua, mvua na upepo, ambayo kwayo tunapanda mpunga, tunaokota korosho, tunatega samaki na tunajua ni lini barabara ya kwenda delta itapitika. Kalenda ya mwezi tunawafundisha watoto madrasa, tangu Muharram hadi Dhulhijja. Ile ya pili zamani haikuwa na ubao wala mwalimu. Mtoto aliipata kwa kufuatana na wazazi wake bondeni, masika na kipupwe, vuli na kaskazi. Siku hizi watoto wetu wengi wanakulia kando ya barabara ya lami, mwendo mfupi kwa basi kutoka katika mto mkubwa kuliko yote nchini, na mto huo wanaujua kwa habari tu. Na habari za mto hutangazwa siku ya maafa.

Tunaandika haya kwa sababu ya mtoto mmoja. Ni binti wa dada yetu, mpwa wetu, aliyeletwa nyumbani kwetu Kibiti mwezi Aprili 2024 akiwa na umri wa miaka tisa, na mkoba wa shule usiokuwa na daftari hata moja ndani yake. Wasomaji watakumbuka hali ilivyokuwa. Mvua za msimu ule wa El Nino ziliujaza mto hadi maji yakaingia vijijini na mashambani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1445. Kamati yetu ya msikiti ilikuwa katika maandalizi ya zakatul fitri. Ghafla tukajikuta tunaandika majina ya familia zilizokosa makazi, tunapokea unga, mablanketi na vyandarua, na futari iliyokuwa ikipikwa kwa ajili ya watu wa msikitini ikaongezewa sufuria mbili.

Nyumba ya dada yetu, ya miti na udongo, ilianguka usiku. Mpunga uliokuwa umeanza kutoa masuke ulizama wote. Mtoto alitolewa kwa mtumbwi gizani, na alichokijua kuhusu maji ya Rufiji tangu usiku ule kilikuwa hicho. Kwetu alikula vizuri, akaandikishwa shule, akacheza na wenzake. Lakini kila mvua ilipogonga bati usiku aliamka, akachukua viatu vyake na kukaa navyo mlangoni mpaka mvua ikatike. Hakulia wala hakumwita mtu. Tulimkuta hivyo zaidi ya mara moja, viatu mapajani, macho kwenye mlango.

Mama wa nyumba yetu ndiye aliyetoa rai. Alisema kuwa mtoto huyu hauogopi mto, anauogopa usiku mmoja wa mto, na dawa yake ni kumwonyesha siku nyingine za mto huo huo. Apelekwe akautazame, na asiutazame mara moja. Tukakubaliana iwe mara nne, kila msimu safari moja, kwa muda wa mwaka mzima.

Watu wa miji mikubwa wana bustani za kupumzikia kando ya maziwa na mito, zenye viti, njia za kutembelea na vibao vya maelezo. Sisi hatuna bustani ya namna hiyo, ila tuna Ndundu. Wanaosafiri kwenda Lindi na Mtwara wanapafahamu: ndipo barabara inapouvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko, na mto ulipojaa magari yalilala foleni, mengine kwa siku kadhaa. Ukisimama pale juu ya tuta la barabara unaliona bonde lote upande huu na upande ule. Hakuna kiingilio wala mlinzi. Tukaifanya Ndundu kuwa bustani yetu.

Habari za safari zilipowafikia watoto wengine wa madrasa, nao wakataka kwenda, na jambo likaletwa mbele ya kamati. Wapo waliosema kuwa madrasa ni mahali pa kusoma Qur'ani, matembezi yana wenyewe. Mzazi mmoja alisema kumpeleka mtoni mtoto aliyenusurika mtoni ni kumtonesha kidonda. Mwingine alisema wazi jambo ambalo wengi tulilifikiri moyoni. Alitukumbusha mwaka 2017, wilaya yetu ilipokuwa katika hofu ya mauaji na pikipiki zikapigwa marufuku kutembea baada ya jua kuchwa. Tangu miaka ile wazazi walizoea kuwafungia watoto ndani. Hofu ilipoondoka, mazoea yalibaki. "Tumelea watoto wanaoijua Dar es Salaam kuliko wanavyoijua Salale," alisema.

Imamu wetu alisikiliza pande zote, kisha akatoa uamuzi mfupi. Qur'ani imewataka watu watembee katika ardhi na wazingatie, na ardhi iliyo karibu na mtu ndiyo ya kuanzia. Akaweka masharti: kila mtoto awe na idhini ya mzazi, wawepo watu wazima wa kutosha, wanaume na wanawake, mtoto yeyote asiingie majini, na sala isipite. Hivyo ndivyo tulivyokwenda.

Safari ya kwanza ilikuwa Jumapili moja ya Julai, katikati ya kipupwe. Upepo wa kusi ulikuwa wa baridi na mbingu nyeupe. Tuliteremka karibu na daraja, na watoto waliotarajia kuona uharibifu wakaona kijani. Mto ulikuwa umerudi katika njia yake, na pale palipokuwa na maji mwezi Aprili palikuwa na mahindi yaliyofika kifuani, kunde zilizotambaa na maboga yaliyolala juu ya tope lililokauka na kupasuka. Hicho ndicho kilimo cha mlau. Wasomaji wa bara wanaweza wasikijue: maji ya mafuriko yanaporudi, mkulima huyafuata nyuma hatua kwa hatua, akipanda katika udongo ulioachwa na unyevu. Mazao hukua bila mvua, kwa maji yaliyobaki ardhini, na bila mbolea ya dukani, kwa sababu mto umeleta rutuba ya mbali. Maji yanayopita Ndundu yametoka Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na kila yanapotulia bondeni huacha kitu yalichokibeba huko.

Katika shamba mojawapo alikuwepo mzee mmoja wa Kindengereko, ameketi juu ya dungu lake. Dungu ni kijumba kilichojengwa juu ya nguzo ndefu, ambamo mkulima wa Rufiji hukaa kulinda mazao dhidi ya nguruwe, nyani na viboko. Watoto wakamwamkia, naye akateremka kwa ngazi. Mpwa wetu hakushuka bondeni. Alisimama juu ya tuta akiwa ameushika mkono wa mama wa nyumba yetu, na kutoka pale pale akauliza kwa sauti:

"Babu, maji yalifika wapi?"

Mzee alinyanyua mpini wa jembe akagusa alama ya tope kavu kwenye nguzo, juu ya kichwa chake. Kisha akachota udongo wa shambani, akapanda nao tutani, akauweka katika kiganja cha mtoto. "Yalifika pale, mjukuu wangu. Na huu ndio waliokuja nao." Hakuongeza neno. Mtoto aliutazama udongo ule, akaufumba mkononi mpaka tulipopanda gari.

Mwezi uliofuata dada yetu alituletea mahindi mabichi. Yeye naye alikuwa amerudi bondeni kulima mlau mara maji yalipopungua, akilala kwa jirani. Mahindi yale yalitoka katika shamba lile lile lililozama. Tuliyachoma uani, na mpwa wetu alikula mawili.

Safari ya pili ilikuwa Novemba. Njia nzima kutoka Kibiti hadi Ikwiriri watu walikuwa wanaokota na kuanika korosho, na miembe ilikuwa imeinama kwa matunda. Mvua za vuli zilikuwa za kusuasua, na jua lilikuwa kali. Ndundu tuliukuta mto mwembamba kuliko watoto walivyodhani. Mafungu ya mchanga yalikuwa yamejitokeza katikati, na wavuvi wakavuta nyavu karibu na ukingo. Mahindi ya mlau yalikuwa yamekwisha vunwa, mabua yamelala chini. Bonde lililokuwa kijani mwezi Julai lilikuwa la rangi ya kahawia.

Safari hii mpwa wetu aliteremka. Alikwenda taratibu, akihesabu hatua zake, akasimama mbali kidogo na maji kama tulivyowaamuru wote, kwa kuwa mamba wa Rufiji hawana mzaha. Yule mzee tulimkuta tena, akishona wavu. Aliwaeleza watoto habari za maziwa ya bondeni, kama Ruwe na Utunge, ambayo hayana chemchemi kubwa inayoyalisha. Hutegemea mto ufurike uyafikie, uyaongezee maji na kuyatilia samaki. Miaka inapopita bila mafuriko, maziwa hupungua na wavuvi wake huhama. Kwa hiyo, alisema, mtu wa bondeni huombi mto usifurike kabisa. Anaomba ufurike kwa kiasi.

Mtu mzima mmoja katika msafara wetu akamuuliza kuhusu bwawa. Bwawa la Julius Nyerere, lililoko juu ya mto huu huu, lilianza kujazwa maji tarehe 22 Disemba 2022, na mitambo yake imejengwa kuzalisha megawati 2,115. Baada ya mafuriko ya 2024 wapo waliolinyooshea kidole, na wapo waliosema kuwa lisingekuwepo maji yangekuwa makali zaidi. Mzee hakuingia upande wowote. Alisema umeme ni neema na hata yeye anachaji simu. Kisha akasema: "Zamani mto ulizungumza nami. Nikiona rangi ya maji, nikiona povu na majani yanayopita, najua siku ngapi zimebaki. Sasa mto unazungumza kwanza na mafundi, halafu ndipo unazungumza nami. Basi na mafundi nao wazungumze nami mapema." Tuliliandika neno hilo katika daftari la kamati, na tutalirudia mbele.

Tulipokuwa tunaondoka mpwa wetu aliuliza swali lake la pili katika miezi minne: "Mjomba, maji haya yanakwenda wapi?"

Swali hilo ndilo lililobadili mpango wetu. Safari ya tatu, badala ya kurudi Ndundu, tuliifuata njia ya maji hadi mwisho wake. Katikati ya Januari, kaskazi ikivuma, tulipita Bungu tukaelekea Nyamisati, bandari ndogo ya Kibiti inayowapeleka watu delta na Mafia. Hapo mto umekwisha gawanyika katika matawi mengi, na kila tawi lina jina lake na kijiji chake. Matawi yenyewe hayakai mahali pamoja milele. Katika muongo wa 1970 mkondo mkubwa uliacha njia za kusini ukahamia za kaskazini, na vijiji vilivyozoea maji chumvi vikapata maji baridi ya kulimia mpunga.

Kandokando yote ni mikoko. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za misitu hiyo, na kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti zake hadi Uarabuni kuezekea nyumba. Nahodha mmoja aliwafundisha watoto kuitambua miti: mkoko wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, mchu unaochomoza vijiti kutoka matopeni ili mizizi ipate kupumua, mkandaa ambao gome lake lilitumika kutia rangi. Matopeni walikuwepo sululu wenye midomo mirefu iliyopinda. Hao ni wageni. Huja kutoka nchi za kaskazini kukimbia baridi, na kusi inapokaribia kuanza hurudi kwao kuzaa. Mtoto mmoja alisema nao wanafuata kalenda, na nahodha akacheka akasema hiyo ndiyo kweli.

Siku ile tulikuwa tumeichagua kwa makusudi. Ilikuwa katikati ya Rajab, mwezi umetimia, siku za bamvua. Tulifika maji yakiwa yamekupwa. Vyombo vimelala ubavu matopeni na kina mama wanachagua kaa na kamba. Baada ya muda maji yakaanza kurudi. Yaliingia kimya, yakajaza mifereji kati ya mizizi, yakayanyanyua mashua moja baada ya nyingine. Mpwa wetu alikuwa ameketi karibu na akina mama. Tulimwona anasimama, na mkono wake ukaenda kwenye viatu vyake.

Lakini akina mama hawakukimbia. Waliinua ndoo zao, wakasogea hatua tatu, wakaendelea na mazungumzo yao. Maji yakasogea, wakasogea tena. Mmoja wao, bila kujua lolote kuhusu mtoto huyu, akamwambia: "Njoo huku mwanangu, yatasimama pale kwenye gogo." Na yalisimama pale kwenye gogo. Mtoto alilitazama gogo lile kwa muda mrefu. Akavaa viatu vyake, akarudi kuketi.

Nahodha akawaeleza kwamba kila mwezi unapoandama na unapotimia maji hupanda sana na kupwa sana, na katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu. Kwa hiyo anayejua leo ni mwezi ngapi anajua saa ya kuondoka Nyamisati na saa ya kufika Mbwera. Watoto walifurahi kugundua kwamba kalenda ya madrasa ndiyo hiyo hiyo ya nahodha.

Hata hivyo, furaha hiyo ilizaa hofu mpya. Ramadhani ya mwaka 1446 ilipokaribia, mwezi Februari, tulianza kumwona mtoto amenyamaza tena. Siku moja akamuuliza mama wa nyumba yetu kama kuna ulazima wa kufunga mwaka huu. Alipoulizwa sababu alisema kwamba nahodha amesema maji yanafuata mwezi, na mwezi wa Ramadhani ndio uliokuja na maji. Basi Ramadhani ikirudi, maji nayo yatarudi.

Tulikaa naye chini na karatasi mbili. Katika moja tuliandika miezi ya Kiislamu, katika nyingine Januari hadi Disemba pamoja na misimu yetu. Tukamwonyesha kwamba maji ya bahari hufuata mwezi, yakapanda na kushuka kila siku, lakini mafuriko ya mto hufuata mvua, na mvua hufuata jua. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja. Kwa hiyo kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma kidogo: inatoka masika, inaingia kaskazi, itafika vuli, itafika kipupwe, na baada ya miaka kama thelathini na mitatu itarudi masika tena. Tukampa mfano wa mwaka 1974, mto ulipofurika sana wakati wa masika. Ramadhani ya mwaka ule ilianza Septemba, mlau umekwisha komaa.

Akahesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu. Akasema: "Kwa hiyo Ramadhani ikirudi mahali ilipokuwa mwaka jana nitakuwa na miaka arobaini na mbili." Tukamwambia ndiyo, inshaallah, na atakuwa anawafundisha wanawe. Mwaka ule alifunga siku kumi na nane, jambo ambalo hatukumlazimisha.

Safari ya nne ilikuwa Aprili, baada ya Idd, masika ikiwa imeshika. Tulikwenda Ndundu wachache. Baadhi ya wazazi walizuia watoto wao, na tuliwapa haki yao. Mto ulikuwa mpana na mwekundu, unakwenda kwa kasi, umebeba magugu na matawi. Fungu la mchanga ambalo watoto walisimama Novemba halikuonekana. Mzee hakuwepo, dungu lake lilikuwa tupu, naye amepanda juu kwa wanawe kama afanyavyo kila mwaka. Tulibaki juu ya tuta chini ya miavuli. Mvulana mmoja mdogo, aliyelizoea lile ziwa la kijani la Julai katika picha za kaka yake, alianza kuteremka. Mpwa wetu akamshika shati.

"Leo siyo siku ya kushuka," alimwambia. "Tutakuja kipupwe."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema duka limefungwa. Usiku ule mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Tulipoamka kusali tulipita mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Mwezi huo huo ukoo ulikaa kikao kuhusu dada yetu. Baadhi ya ndugu walitaka aachane na bonde moja kwa moja, ahamie Kibiti afungue genge. Walikuwa na hoja: serikali imewasihi watu wahamie miinukoni, na maisha ni amana. Dada yetu alijibu kwamba shamba lile ni urithi wa baba, ndilo lililomlisha miezi mitatu baada ya kumfukuza, na genge halina mlau. Kikao kikawa kigumu. Waliokuwa wakilisifu bonde walizungumza kana kwamba mwaka mzima ni Julai, na waliolilaani walizungumza kana kwamba mwaka mzima ni Aprili.

Aliyetupatanisha ni shangazi yetu mkubwa, aliyekuwa binti mdogo wakati wa mafuriko ya 1968, ambayo yalifuatiwa na Operesheni Rufiji iliyowahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya miinukoni. Alisema wakati ule watu walilalamika, lakini wenye busara walipata njia: nyumba wakaijenga juu, shamba wakalibakisha chini, na katikati wakaweka dungu. Nyumba umuulize masika, alisema, na shamba umuulize kipupwe. Anayemuuliza mmoja habari za yote mawili atapotea.

Ndivyo ilivyofanyika. Ndugu walichangishana, na dada yetu sasa ana vyumba viwili vya tofali katika kiwanja cha muinuko. Shamba lake lipo pale pale. Mpwa wetu alirudi kwa mama yake wakati wa likizo ya Juni, na tunaambiwa kuwa yeye ndiye anayepanda dunguni kufukuza nyani. Nyumba yetu imepungukiwa, lakini tunashukuru.

Ndugu wasomaji, kamati yetu imejifunza mambo mawili ya kivitendo. La kwanza, ziara hizi zitaendelea, kila msimu mara moja, na daftari la watoto litaandikwa walichokiona: rangi ya maji, upepo, ndege, mazao. Wazee wa bondeni wanaojua kusoma alama hizo wanapungua kila mwaka, na mto wenyewe unabadilika. La pili linatokana na neno la yule mzee. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na matangazo ya wilaya kuhusu kiwango cha maji sasa yanasomwa msikitini kwetu baada ya sala ya Ijumaa, na katika masika yanarudiwa kwa kipaza sauti baada ya Isha. Msikiti wowote wa Rufiji, Kibiti au Mafia unaweza kufanya hivyo, kwani kipaza sauti tayari kipo.

Kwa wazazi tunaomba jambo jepesi. Karibu na kila mmoja wetu pana maji: mto, ziwa, pwani, hata bwawa la kijiji. Mpeleke mwanao, na umpeleke tena msimu ukibadilika. Mtoto aliyeyaona katika utulivu tu atajenga pasipofaa, na aliyeyaona katika ghadhabu tu ataikimbia riziki yake. Nauli ya kwenda na kurudi si kubwa, na mkichelewa mtasali njiani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) atujaalie mvua zenye manufaa, awape subira waliopoteza mali na makazi, na awarehemu waliotangulia.